Orodha ya Washindi

Hapa Mtanda hakuna farasi. Nimevuka miaka sabini, na katika umri huo wote sijapata kumwona farasi akipita katika mitaa ya mji wetu wa Lindi. Punda tunawajua, ingawa nao si wengi. Mbuzi ndio wenye mji. Hulala barabarani na kumtaka dereva awapishe wao. Lakini farasi kwetu ni mnyama wa vitabuni na wa picha za kalenda. Kwa hiyo huenda msomaji akashangaa akiambiwa kwamba mwalimu mkuu mstaafu wa mji kama huu ana daftari ambamo ameandika majina ya farasi walioshinda mbio za Derby za Epsom, huko Uingereza, tangu mwaka 1780. Wajukuu zangu hunicheka. Mke wangu, ambaye amelifunga daftari hilo katika mizigo kwa kila uhamisho wangu, alikwisha kuzoea.

Nataka kueleza nimejifunza nini katika orodha hiyo. Lakini kwanza niseme kwa nini farasi hatunao, maana jambo hilo nalo lina funzo lake.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akauona mji na kuusifu. Alipoondoka Kilwa alisafiri kwa chombo hadi Dhufari, kusini mwa nchi ya Omani ya leo, na huko akaandika habari za farasi wazuri waliokuwa wakipakiwa vyomboni kupelekwa Bara Hindi. Farasi, basi, si mgeni wa bahari yetu. Mwaka 1840 Sultani Seyyid Said wa Unguja na Omani alipotuma jahazi lake, Sultana, hadi New York, miongoni mwa zawadi alizompelekea rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria ya nchi ile haikumruhusu rais kupokea zawadi za wafalme, kwa hiyo farasi wale wakanadiwa. Unguja farasi waliweza kuishi katika mabanda ya wakubwa. Huku kwetu bara ya kusini mambo yalikuwa mengine. Mbung'o wa misitu yetu huwaambukiza nagana, na usubi huwaletea homa ya farasi, ambayo huua kwa siku chache.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitolewa katika Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Waingereza na ya Makaburu wa Afrika Kusini yalipoingia nchini mwaka 1916 yalikuja na farasi na nyumbu kwa maelfu, na kwa maelfu wakafa. Vita vilipofika huku kwetu, na hasa katika mapigano makali ya Mahiwa ya Oktoba 1917, mizigo ilikuwa imekwisha kuhamia vichwani mwa watu. Kikosi cha wapagazi Waingereza walikiita Carrier Corps, na wananchi wakakiita Kariakoo. Jina hilo wanalitamka kila siku wakazi wa Dar es Salaam wanapokwenda sokoni bila kufikiri limetoka wapi. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kosa hilo na kuomba radhi. Namwomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana makala hii ni ya orodha, na katika kila orodha kuna walioandikwa na wasioandikwa.

Derby niliifahamu kwa njia ya duka. Nilipokuwa kijana kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa hapa Lindi, Mwismailia, mtu mpole asiyepunja dhiraa. Ukutani nyuma ya meza yake ilining'inia picha ya bwana mnene mwenye miwani na kofia ndefu, ameshika hatamu ya farasi, huku watu wamejaa kila upande. Nilimwuliza yule ni nani. Akaniambia ni Aga Khan, kiongozi wao, na farasi yule ameshinda Derby. Nikamwuliza Derby ni nini. Akacheka, akanikunjia kitambaa changu katika karatasi ya gazeti la Kiingereza, akaniambia, "Mwalimu kijana, nenda ukasome." Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, na kuitwa mwalimu na mtu mzima vile kulinipa deni la kulipa. Nikaenda nikasoma.

Bwana yule wa pichani, Sultan Mahomed Shah, Aga Khan wa tatu, alizaliwa Karachi mwaka 1877, akapokea uongozi wa jamaa yake akiwa mtoto wa miaka saba. Watu wa pwani wanamkumbuka kwa mambo mengine kabisa. Mwaka 1905 shule yenye jina lake ilifunguliwa Unguja. Tarehe 10 Agosti 1946, Dar es Salaam, alipimwa katika mizani kwa almasi kuadhimisha miaka 60 ya uongozi wake, na thamani yake ikawekwa katika mfuko wa maendeleo ya watu wake. Ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga unabeba jina la jubilei hiyo. Mjukuu wake, Aga Khan wa nne, aliyepata kuishi Nairobi utotoni, alisimikwa Dar es Salaam tarehe 19 Oktoba 1957, akiwa na miaka 20 tu. Lakini Ulaya, ukimtaja Aga Khan kwa mpita njia, si ajabu akakujibu kwa jina la farasi.

Sasa niieleze Derby yenyewe. Ilikimbiwa mara ya kwanza mwaka 1780 katika uwanda wa Epsom, kusini mwa London, na mshindi akawa farasi aitwaye Diomed, mali ya Sir Charles Bunbury. Mbio zilichukua jina la rafiki yake, Earl wa Derby wa kumi na mbili. Inasimuliwa kwamba waungwana hao wawili walirusha sarafu kuamua ziitwe kwa jina la nani, na aliyeshindwa jina akapata kikombe. Tangu mwaka 1784 umbali wake ni maili moja na nusu, yaani kama mita 2,400, juu ya njia inayopanda, kisha ikateremka na kukata kona kali ya Tattenham Corner, na kuinuka tena kidogo mwishoni. Hazijakosa kukimbiwa hata mwaka mmoja. Katika vita vyote viwili zilihamishiwa Newmarket. Mwaka 2020, wakati wa korona, zilisogezwa hadi tarehe 4 Julai na kukimbiwa bila watazamaji, akashinda Serpentine ambaye wachache walimtarajia. Mwaka 2025 ulikuwa mkimbio wa 246, na mshindi akawa Lambourn.

Sharti kubwa la Derby ni umri. Hukimbia farasi wa miaka mitatu tu. Si wa miwili, si wa minne. Farasi hupewa nafasi moja katika maisha yake, Jumamosi moja ya mwezi Juni, dakika mbili na nusu hivi. Akiamka na kikohozi siku hiyo, basi. Mwakani atakuwa na miaka minne na mlango umefungwa. Na ili pasiwe na ubishi, farasi wote wa mbio wa nchi zile huhesabiwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Februari na aliyezaliwa Mei ni wa umri mmoja, ingawa mmoja amemzidi mwenzake miezi mitatu ya kunyonya.

Mtu aliyewahi kuandikisha watoto wa darasa la kwanza hawezi kusoma habari hizi bila kutabasamu. Katika miaka yangu ya mwanzo wazazi wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtoto alizaliwa mwaka wa mafuriko, au mwaka daraja liliposombwa. Tuliwapanga mstari, kila mmoja akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Aliyeligusa sikio la kushoto, aliandikishwa. Asiyeligusa, alirudishwa nyumbani akakue. Mwenye mikono mirefu alipata elimu mapema kuliko nduguye pacha.

Na kama ilivyo kwetu, huko nako umri ulileta hila. Mwaka 1844 aliyefika wa kwanza Epsom aliitwa Running Rein. Watu wakanong'ona kwamba huyu si mtoto, huyu ni kijeba. Kesi ikaenda mahakamani. Jaji akataka farasi aletwe meno yake yakaguliwe, kwa kuwa meno ya farasi hayasemi uongo. Farasi hakuonekana. Ikathibitika kwamba alikuwa na miaka minne na jina lake halisi ni Maccabeus, na ushindi ukapewa farasi aliyeitwa Orlando. Sisi Watanzania tusiwacheke sana. Katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005, Serengeti Boys wetu waliondolewa kwa suala hilo hilo la umri.

Kuna msemo wa wahenga kwamba kutangulia si kufika. Sijaona mahali popote ulipotimia neno kwa neno kama katika Derby ya mwaka 1913. Farasi Craganour alitangulia, akafika mstarini wa kwanza, akatangazwa. Kisha waamuzi wakakaa faraghani, wakasema alimsukuma mwenziwe njiani, wakamnyang'anya. Ushindi akapewa Aboyeur, ambaye dau lake lilikuwa mia kwa moja. Lakini siku ile haikumbukwi kwa Craganour wala kwa Aboyeur. Walipokuwa bado wanaizunguka kona, mwanamke aitwaye Emily Davison, mmoja wa waliokuwa wakipigania haki ya wanawake kupiga kura, alipita chini ya uzio akaingia njiani, akagongwa na Anmer, farasi wa Mfalme George wa tano. Alifariki siku nne baadaye, tarehe 8 Juni. Waingereza wenyewe bado wanabishana alikusudia nini. Kura wanawake wa Uingereza waliipata kwa sehemu mwaka 1918, na kwa usawa na wanaume mwaka 1928. Mara nyingi nilipofundisha uraia niliandika majina matatu ubaoni, Aboyeur, Craganour na Emily Davison, nikawauliza watoto nani alishinda siku ile. Majibu yalikuwa mengi kuliko majina.

Wako pia waliovumilia. Gordon Richards alikuwa mpanda farasi bora wa Uingereza kwa miaka mingi, lakini Derby ilimpiga chenga mara 27. Mwaka 1953, akiwa na miaka 49, alimpanda Pinza akaipata. Siku chache kabla alikuwa amepewa heshima ya kuitwa Sir. Na unajua nani alishika nafasi ya pili? Alikuwa Aureole, farasi wa Malkia Elizabeth, aliyetawazwa siku nne tu kabla ya hapo. Malkia yule alitawala hadi mwaka 2022, akapenda farasi maisha yake yote, na Derby hakuipata kamwe. Kwa upande mwingine Lester Piggott aliishinda mwaka 1954 akiwa kijana wa miaka 18, kisha akaishinda tena na tena hadi ikawa mara 9, ya mwisho mwaka 1983. Mmoja alipewa mapema, mmoja alicheleweshwa, na mmoja mwenye taji kichwani akanyimwa.

Narudi kwa yule bwana wa picha ya dukani. Farasi zake walishinda Derby mara 5: Blenheim mwaka 1930, Bahram mwaka 1935, Mahmoud mwaka 1936, My Love mwaka 1948 akiwa wa ubia, na Tulyar mwaka 1952. Bahram alikimbia mara 9 katika maisha yake na hakushindwa hata mara moja. Mahmoud, mtoto wa Blenheim, alikuwa wa rangi ya kijivujivu, mdogo wa umbo, na alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 33.8. Hakuna aliyekimbia upesi kuliko hivyo katika Derby kwa karibu miaka 60.

Mahmoud alikuwa rafiki yangu mkubwa darasani. Niliwapa darasa la saba hesabu hii: farasi amekimbia mita 2,414 kwa sekunde 153.8, je, mwendo wake ni kilomita ngapi kwa saa? Jibu ni karibu 56 na nusu. Kisha nikawauliza kama farasi huyu na basi la Dar es Salaam wangeondoka pamoja hapa Lindi, nani angetangulia kufika. Zamani zile, kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, basi lilikwama matopeni siku mbili, tatu, kisha likasubiri kivuko cha Rufiji. Darasa zima lilipiga kelele kwamba farasi atatangulia. Nikawakumbusha kwamba farasi angekufa kwa mbung'o kabla ya kufika Rufiji. Hivyo hesabu, jiografia na sayansi vikafundishwa katika kipindi kimoja.

Rekodi ya Mahmoud ilivunjwa mwaka 1995 na Lammtarra, farasi wa ukoo wa Maktoum wa Dubai, kwa dakika 2 na sekunde 32.31. Hapo pana mzunguko wa kupendeza. Farasi wote wa mbio wa Kiingereza wanahesabiwa kutokana na madume watatu walioletwa kutoka nchi za mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Halab, nchini Shamu, akafikishwa Uingereza mwaka 1704. Karibu miaka mia tatu baadaye masheikh wa Ghuba wakaenda kununua kwa mamilioni damu iliyotoka kwao. Na tangu mwaka 1996 wana mbio zao wenyewe, Kombe la Dunia la Dubai, ambazo mshindi wake wa kwanza alikuwa Cigar wa Marekani.

Aga Khan wa nne naye alishinda Derby mara 5: Shergar mwaka 1981, Shahrastani mwaka 1986, Kahyasi mwaka 1988, Sinndar mwaka 2000 na Harzand mwaka 2016. Alifariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025. Katika hao watano, Shergar ndiye ambaye hata watu wasiojua farasi wanamjua. Akiwa amepandwa na Walter Swinburn, kijana wa miaka 19, alishinda kwa urefu wa farasi 10, na hakuna aliyewahi kushinda Derby kwa mwanya mkubwa kama huo. Usiku wa tarehe 8 Februari 1983 watu wenye bunduki waliingia katika shamba alimokuwa akitunzwa huko Ireland, wakamchukua, wakadai fedha. Fedha hazikutolewa, na farasi hakuonekana tena hadi leo. Nilisikia habari hiyo redioni, nikiwa nimekaa barazani. Jirani yangu mvuvi, tuliyekuwa tukisikiliza pamoja, alifikiri kidogo akasema, "Basi bora ngalawa. Wakikuibia, unachonga nyingine."

Hapa Afrika Mashariki mbio za farasi ni za Nairobi. Walowezi walizianza mapema karne ya ishirini, na tangu mwaka 1954 zikawa katika uwanja wa Ngong Road, ambako Derby ya Kenya hukimbiwa. Jina linalong'ara zaidi huko ni la mwanamke, Beryl Markham, aliyejifunza kazi ya farasi tangu binti, mwaka 1936 akaruka peke yake kwa ndege kuvuka bahari ya Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, kisha akarudi Kenya na kufundisha farasi walioshinda Derby ile mara kadhaa. Alifariki mwaka 1986. Vitabu vinamtaja yeye, vinawataja wenye mali na wapanda farasi. Wale waliolala mabandani, wakawapoza farasi miguu kwa maji na kuwajua kwa kikohozi, walikuwa Waafrika, na ni mara chache utakuta jina la mmoja wao. Ni jambo lile lile la wapagazi.

Sasa nifike mahali ambapo orodha hii iliniuma.

Mwaka 1984 shule niliyokuwa nikiiongoza ilikuwa na watahiniwa 41 wa darasa la saba. Waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza walikuwa 2. Miaka ile nafasi za sekondari zilikuwa chache mno nchini, na shule nyingine za vijijini hazikupata hata mmoja. Matokeo yalipofika niliyabandika mlangoni, majina mawili katika karatasi yenye nafasi ya hamsini. Jioni alikuja mama mmoja wa Kimwera, mjane, mkulima wa mihogo na korosho. Binti yake alikuwa amefaulu vizuri, wa tatu katika shule yetu. Alipiga hodi, akakaa kwenye mkeka pamoja na mke wangu, akakataa chai.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu hunisimulia habari za farasi wako wa Ulaya. Nakuuliza. Farasi wa tatu hupewa nini?"

Nikamwambia, "Mama, wa tatu hupewa fedha. Hata wa nne hupewa."

"Basi na wangu mpeni."

Sikuwa na cha kumpa. Nafasi hazikuwa zangu. Nilimweleza jinsi uchaguzi unavyofanywa, akasikiliza hadi mwisho kwa adabu, akaaga. Binti yake alikuwa na miaka 14. Hesabu ya Mahmoud aliifanya kichwani, bila karatasi, wa kwanza darasani.

Nilifikiri sana usiku ule. Derby ni ya kikatili kwa farasi, lakini aliyeitunga hakudai kwamba ni shule. Alitaka kujua nani ana mbio kuliko wote siku ile, basi. Sisi tuliutumia mtihani wa darasa la saba kama Derby: umri mmoja, siku moja, haurudiwi, na aliyeukosa amekosa. Tofauti ni kwamba farasi aliyeshindwa Epsom hurudi bandani kwake, akapewa majani, na mwezi ujao hupelekwa mbio nyingine. Mtoto wetu alirudi nyumbani na jembe lilikuwa likimsubiri, au mchumba.

Asubuhi iliyofuata niliandika karatasi ya pili, nikaibandika chini ya ile ya kwanza. Niliandika majina yote 41, na mbele ya kila jina nikaandika jambo moja ambalo mtoto huyo analiweza vizuri. Huyu anajua kuchora ramani. Huyu husoma kwa sauti bila kukwama. Huyu huongoza kwaya. Huyu hutengeneza tanga. Haikuwapa nafasi ya shule, na sikudanganya kwamba itawapa. Lakini wazazi walikuja kuisoma kwa siku nyingi, na wasiojua kusoma waliwaleta watoto wawasomee. Tangu mwaka ule hadi nilipostaafu sikubandika karatasi moja bila ya pili.

Mambo yamebadilika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, shule za kata zikajengwa, na tangu mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Zina upungufu wake, na mimi ni wa kwanza kuusema: walimu wa hisabati hawatoshi, na maabara nyingine ni chumba chenye kabati tupu. Lakini anayezibeza namkumbusha karatasi yenye majina mawili. Binti yule wa tatu ni mama mtu mzima sasa, anauza samaki wa kukaanga jirani na stendi. Wanawe wanne wote wamepita shule ya kata, na mmoja amefika chuo kikuu. Watu huniambia, "Unaona, Mwalimu, mwisho mambo yalikuwa mazuri." Mimi siafiki upesi hivyo. Mazuri ni ya wanawe, na yeye ndiye aliyeyalipia kwa moshi wa mafuta. Siku moja nilinunua samaki kwake, akanirudishia chenji huku anacheka: "Shikamoo Mwalimu. Hamsini na sita na nusu." Alikuwa hajaisahau. Mtu anayeikumbuka hesabu ile kwa miaka arobaini alistahili kufundishwa nyingine.

Siku hizi katika vibanda vya kubeti mjini kuna runinga zinazoonyesha mbio za farasi wa kompyuta. Kila dakika chache wanakimbia, mmoja anashinda, wanafutika, wanaanza tena. Vijana wameshika mikeka yao wanapiga kelele. Farasi wale hawana mama wala mahali walipozaliwa, hakuna aliyewalisha, na kesho hakuna atakayejua walishinda. Huwaambia vijana, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wananijibu, "Mzee, na wewe si unapenda farasi?" Napenda. Lakini farasi wa daftari langu kila mmoja ana kisa chake, na aliyeshindwa anacho pia.

Kwa walimu vijana watakaosoma kurasa hizi nina neno moja. Wapongezeni washindi, na msiwaonee haya. Aliyejitahidi anastahili kikombe chake. Lakini mnapobandika orodha mlangoni, tazameni ina nafasi kiasi gani chini ya jina la mwisho. Hapo ndipo kazi yenu inapoanzia. Serikali itawaletea majina ya waliochaguliwa. Ya waliobaki mnayo ninyi peke yenu, na msipoyaandika ninyi hakuna mwingine atakayeyaandika.